Fomu ya Tathmini, Wiki ya Nane

Chuo kimeleta karatasi, kinataka alama.
Mahudhurio: arobaini kwa arobaini. Hilo halina ubishi,
ulikuwa ukifika kabla mlinzi hajamaliza uji wake.
Kipengele cha pili: Mwanafunzi alipewa kazi gani?
Hapo, Mwanahija, kalamu yangu imekaa kitako.

Wiki ya kwanza nilikupa kiti.
Kiti kizuri, karibu na feni.
Nikakupa chai ya mchaichai, maandazi ya getini,
gazeti la juzi. Kazi nikakunyima.
Nilijiambia ni huruma. "Simu ikiita je?" nilimwuliza meneja,
kana kwamba simu ndiyo mhasibu wa kiwanda hiki.
Nikawa napanua mdomo kama anayelisha mtoto
na kupaza sauti, kumpazia sauti kiziwi!
Hata feni ilinicheka.

Wiki ya pili mezani hukuwepo.
Nilikukuta chini, kwenye mashine za kusokota kamba,
ambako kelele imekula masikio ya watu tangu mkonge wa baba zao,
na akina mama wamejitungia maneno ya mikono:
uzi umekatika,
nishikie zamu naenda chooni,
bosi anakuja.
Bi Nakijwa wa mashine namba nne alikuwa akikuonyesha hilo la mwisho:
tumbo la hewani, mwendo wa bata.
Mlinigeukia.
Mikono ikanyamaza.

Jioni ile uliniandikia nyuma ya ankara ya grisi:
Bwana Singano, huko chini wananisemesha. Huku juu mnanitazama.
Nipe daftari la stoo. Nikikosea, nikosoe.

Nikakupa. Ukakosea.
Marobota mia na kumi na mawili ya Muheza uliyaingiza mara mbili,
jumla ikaumuka kama andazi.
Nilitafuta neno laini, nikalikosa, nikachukua wino mwekundu:
Hovyo. Rudia yote. Kesho saa mbili iwe mezani.
Kisha nikakaa nikisubiri machozi.
Wewe ukasoma, ukaikunja karatasi mara nne,
ukaitia mkobani kama hati ya kiwanja.
Asante, uliandika. Miaka mitatu chuoni napewa "vizuri sana"
hata na wasiofungua kazi yangu.

Saa mbili kasoro robo ilikuwa mezani,
nayo ina kosa jingine, dogo, la tangu Machi.
La kwangu.
Ulikuwa umelizungushia duara.
Kwa wino mwekundu.

Kipengele cha saba: Mahitaji maalumu ya mwanafunzi.
Nimeandika: mkalimani siku za mikutano.
Ujumbe, si kupigiwa.
Taa ya kuwaka pamoja na king'ora, maana siku ya jaribio la moto
sote tulitoka, tukahesabiana uwanjani, akapungua mmoja:
wewe ulikuwa juu, unajumlisha.
Nimefanya hesabu miaka ishirini na sita.
Ile ndiyo iliyonitoa jasho.
Nikaongeza, ingawa fomu haikuuliza:
Mahitaji maalumu ya msimamizi: angefundishwa mapema.

Maoni mengineyo.
Hapa Tanga twasema waja leo, waondoka leo.
Meneja amesaini cheti, ameagiza soda,
anataka picha ya kubandika ukutani.
Mimi nimempelekea karatasi nyingine:
nafasi ya karani wa stoo, wazi tangu Mbaruku astaafu,
mshahara uandikwe kwa tarakimu, si kwa shukrani.
Hajajibu.
Nimeambatanisha lile duara.

Alama: themanini na moja.
Bi Nakijwa amepita dirishani, ameona, amenitolea mkono
kwa neno ambalo bado sijafundishwa
na nadhani si zuri.
Lakini wewe wayajua yale marobota.
Ningeandika mia, ungeizungushia duara.